Tumbo sugu la paka mzee: tatizo liko kwenye mpangilio

Paka wa miaka 13 anatapika kila mara, kinyesi kimelegea, na uti wa mgongo umeanza kuhesabika kwa vidole. Katika nyumba nyingi, wiki hiyohiyo ataachishwa dagaa, atanyweshwa dawa ya minyoo na kuwekewa kisahani cha maziwa. Akipata nafuu, hakuna ajuaye kilichomsaidia. Akizidiwa, hakuna ajuaye kilichomdhuru. Maziwa yenyewe ni mshukiwa: paka wengi wakishakua hawamudu tena sukari iliyomo, nao huharisha.

Tumbo likisumbua zaidi ya wiki 3, hesabu hubadilika. Hatua ya kwanza ni kutafuta ugonjwa ulio nje ya tumbo. Paka aliyevuka miaka 10, anayekula kwa pupa huku akikonda, huenda tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Figo zikichoka, naye hutapika. Hayo yanahitaji kipimo cha damu, na hapa wakazi wa Morogoro wana nafasi nzuri, maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kinafundisha madaktari wa mifugo papa hapa mjini na kina hospitali ya wanyama. Beba na kinyesi cha siku hiyo kikapimwe kwa hadubini. Vipande kama punje za mchele chini ya mkia ni minyoo ya tegu, inayotokana na viroboto au panya walioliwa. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile ya kichocho, ila kipimo hupangwa na daktari kwa uzito wa paka. Viroboto wasipoangamizwa, tegu hurudi.

Vipimo vikiwa safi, linafuata jaribio la chakula, na hili hufanyika nyumbani. Chagua nyama moja ambayo paka hajaizoea. Kwa aliyelelewa kwa samaki na ng'ombe, sungura anafaa. Mbuzi pia, naye si adimu, kwani Mgeta, juu milimani Uluguru, hufugwa mbuzi wa asili ya Norway tangu miaka ya 1980. Chemsha bila kitunguu wala kitunguu saumu, ambavyo huharibu damu ya paka. Mpe na supu yake, kwa sababu taurini, kirutubisho ambacho paka hapaswi kukikosa, huyeyukia majini. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa upungufu wa taurini hudhoofisha moyo wa paka. Kwa hiyo nyama tupu ni ya jaribio tu. Ikimkubali, daktari apange mlo kamili wenye taurini na kalsiamu.

Badilisha chakula polepole kwa siku kadhaa, kisha shikilia hichohicho wiki 2, bila kipande cha pembeni kutoka kwa watoto au jirani. Usimshindishe njaa ili akubali: paka asiyekula siku 2 au 3 anaweza kujaa mafuta kwenye ini, na hilo huua. Mpime kwa mizani kila wiki. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 3.5.

Chakula kisipotosha, daktari huangalia vitamini B12, ambayo utumbo mgonjwa hushindwa kuinyonya. Sindano zake hutolewa kila wiki. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hukaa mwisho wa foleni. Ni rahisi kupatikana na hurudisha hamu ya kula upesi, ndiyo maana inatamanisha kuanza nayo. Lakini utumbo uliovimba na saratani ya limfu inayokua taratibu hufanana sana, na dawa hiyo hutuliza vyote viwili kwa muda. Ikitangulia ultrasaundi na kipande cha utumbo kuchunguzwa maabara, inaweza kufuta dalili ambazo daktari angezitumia kuvitofautisha. Paka atanenepa miezi michache, na jibu litakuwa limepotea.