Betri Iliyokaa Vizuri

Gari likigoma kuwaka asubuhi pale Chilangala, jirani wa kwanza atasema betri imekufa, wa pili atasema lisukumwe, na muda si mrefu mtu ameshapanda bodaboda kwenda Newala mjini kununua mpya. Ubora wa kazi ya kubadilisha betri nauangalia kuanzia hapo, kabla spana haijashikwa. Fundi anayestahili sifa hupima kwanza.

Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha, mita husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 imeishiwa chaji tu, na kuishiwa si kufa. Huku uwandani gari linaloshinda barabarani msimu wa korosho huweza kulala wiki nyingi chini ya mti msimu ukiisha, huku saa, redio na alamu vikiinyonya betri kidogo kidogo. Betri ya namna hiyo ichajiwe taratibu, iachwe itulie, ipimwe tena. Ikishika 12.5, irudi kazini. Ikiporomoka hadi 10.5 na kung'ang'ania hapo, chumba kimoja kimekufa, toa 2.1 kwenye 12.6 uone hesabu yenyewe. Sasa pesa itoke.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wachache hujisumbua nacho, nami nakithamini kuliko vyote. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, kile cha risasi, na ncha ya pili kwenye terminali inayokikumbatia. Mwenzako apige stata. Mita inatakiwa ibaki karibu na sifuri. Ikiruka hadi nusu volti, umeme unapotelea katikati ya vitu viwili ambavyo kwa macho vimegusana, na betri mpya haitaponya chochote. Betri nyingi nzima zimeuzwa kwa bei ya chakavu kwa sababu ya unga mweupe uliojificha hapo.

Dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa, kisha omba ipimwe mbele yako. Ikiwa chini ya 12.4, mwachie mwenye duka. Linganisha pia upande wa chanya na wa betri ya zamani. Kwenye namba kama 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho ndiyo inayotaja upande. Asiyeitazama hujikuta akivuta waya mfupi mpaka unakaza kama kamba ya mbuzi.

Kufungua huanza na hasi, kufunga humalizia na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi hutoka cheche, na juu ya betri iliyotoka kuchajiwa kuna gesi ya haidrojeni inayolipuka. Hapa sina msamaha. Mtu anayekosea mpangilio huo hata akiwa na miaka mingi gereji, simpi gari langu.

Kazi yenyewe naihukumia kwenye terminali. Mwagia maji ya uvuguvugu yenye magadi, unga ule mweupe utatoa povu na kuyeyuka, ila yasiingie kwenye vifuniko vya vyumba. Suuza, kausha, kisha sugua ndani ya terminali kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi, kwa hiyo kila terminali ina mahali pake. Ishuke mpaka chini kwa mkono. Isiposhuka, ipanuliwe kwa bisibisi. Anayeigonga kwa nyundo anakilegeza kichwa ndani ya betri, na ufa hautaonekana leo. Anayejazia msumari au kipande cha waya ili terminali iliyolegea ibane, kazi yake imeshindwa hata kama gari limewaka. Ukishakaza, jaribu kuizungusha kwa mkono. Isicheze hata kidogo. Grisi au vaselini hupakwa mwisho, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Halafu bano linaloishikilia betri. Kwenye njia zetu za mchanga, na makorongo ya kushukia Masasi, mtikisiko huua betri haraka: sahani za ndani hupukutika, na tope la risasi likijaa chini ya chumba huziunganisha. Mpira wa tairi kuukuu uliofungwa mafundo mawili, unaouona kwenye pikapu nyingi, hulegea kwa joto la injini. Dai bano la chuma lenye boliti zake mbili. Liyumbishe gari; betri itembee na bodi, si peke yake.

Injini ikiwaka, kwa magari mengi mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo altaneta haichaji vya kutosha, na betri mpya itaifuata ile ya zamani.

Kwa betri ya maji, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa tu. Najua maji ya mvua ndiyo tunayoyategemea huku juu, lakini yameteleza juu ya bati na vumbi kabla ya kufika kisimani. Tindikali usiongeze kabisa.

Na kisima hichohicho ndicho kinachonifanya niwe mkali kuhusu betri ya zamani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliingiza risasi kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyepigana mpaka kikafungwa, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Usiipasue betri ya zamani nyumbani wala kumwaga maji yake uani. Ipeleke kwa muuzaji ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, maji yake yakiwa ndani, akupunguzie bei ya mpya.