Silaha ya Kibindoni

Katika miaka yangu ya ukuu wa shule niliwanyang'anya wanafunzi vitabu vingi. Vingi nilivirudisha mwisho wa muhula. Vichache sikuvirudisha, na leo nakiri kwamba hivyo ndivyo nilivyovipenda mwenyewe. Katika kabati langu hapa Bugarama kipo bado "Kufa na Kupona" cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974. Jalada lake limekwisha na kurasa zimelegea. Nilikisoma usiku mmoja kwa taa ya chemli, na asubuhi, macho mekundu, nikasimama mbele ya paredi kuwaonya watoto juu ya vitabu vya namna hiyo.

Nimekitoa tena kabatini kwa sababu ya mgeni aliyenijia mwaka jana. Ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, nami nilimfundisha darasa la sita na la saba. Sasa ni broka wa dhahabu. Hununua kwa wenye maduara na kwenye makarasha, kisha hupeleka sokoni. Tangu mwaka 2019, yalipoanza kufunguliwa masoko ya madini, biashara hiyo imekuwa ya wazi zaidi, lakini kati ya duara na soko pana njia, na njiani broka huwa na fedha au dhahabu mwilini. Mwenzake alivamiwa usiku na kujeruhiwa kwa panga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, anataka kuomba leseni ya bastola, na anahitaji barua ya mtu mzima anayemfahamu tangu utoto. La pili alilisema kwa haya kidogo. Akafungua simu yake, akanionyesha picha za bastola tatu. "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Hebu nishauri, ipi inafaa kukaa kiunoni kila siku bila watu kujua?"

Nilicheka, maana silaha niliyopata kuishika ni bunduki ndefu ya JKT, na hiyo haikufichika hata nyuma ya mbuyu. Hata hivyo sikumfukuza. Nilimwomba siku kumi. Katika siku hizo nilifanya mambo mawili: nilimtafuta jirani yangu mmoja, askari mstaafu, nikamsikiliza, tena nikavisoma upya vitabu vyangu vya bastola, nione vilitufundisha nini.

Nianze na vitabu, maana huko ndiko ninakoweza kusimama bila mkongojo.

Musiba na wenzake wametutendea wema ambao wasomi wetu walichelewa kuukiri. Willy Gamba, jasusi wa Tanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, aliwafanya wavulana waliochukia kusoma wasome chini ya blanketi. Vivyo hivyo Joram Kiango wa Ben Mtobwa katika miaka ya 1980. Kiswahili chao kinakwenda mbio, hakina mapambo ya bure, na shujaa wake ni Mwafrika asiyeomba ruhusa kwa mtu. Kwa kijana wa wakati ule jambo hilo halikuwa dogo.

Lakini nina shutuma moja, na nimeibeba miaka mingi. Bastola za vitabu hivi hazina uzito. Haziloi jasho, hazishiki kutu, hazimchomi mwenye nazo ubavuni anapoinama kufunga kiatu. Shujaa hulala akiwa na silaha, na katika nyumba ile hakuna mtoto. Hunywa, lakini pombe haimharibii shabaha. Hakuna mke anayeuliza kitu hiki kitakaa wapi. Hukasirika, na hasira yake daima huangukia mtu mbaya. Mwandishi ametuonyesha silaha ikitoka kibindoni. Hajatuonyesha siku elfu moja ambazo haitoki. Na siku hizo elfu moja ndizo atakazoishi mnunuzi halisi.

Wazungu nao walikuwa na kasoro hiyo, ila kwao palitokea msomaji mkorofi. Ian Fleming, aliyemtunga James Bond, alimpa shujaa wake Beretta ndogo ya kipenyo cha .25. Mwaka 1956 mtaalamu wa silaha kutoka Glasgow, Geoffrey Boothroyd, akamwandikia barua kumwambia kwamba silaha ile ni dhaifu na haimfai mtu wa kazi ile. Fleming hakununa. Katika "Dr. No", kitabu cha mwaka 1958, Bond ananyang'anywa Beretta yake na kupewa Walther PPK, na mhunzi wa silaha katika riwaya akaitwa Meja Boothroyd. Napenda kisa hiki kwa sababu mhakiki alisikilizwa. Lakini tazama alichosahihisha: nguvu ya risasi na ubora wa chombo. Hakuuliza kama mtu huyu, kwa moyo wake na ulevi wake, anastahili kukibeba. Huo ndio uhakiki niliokuwa nautafuta, na haukuwepo.

Basi nikamwendea askari mstaafu. Yeye alinipa somo ambalo riwaya zote zilinikosesha. Alisema bastola ya kubeba kila siku ni mapatano kati ya mambo yanayogombana. Ikiwa ndogo sana, inafichika vizuri lakini inapigika vibaya: mtutu ni mfupi, mahali pa kulengea pamekaribiana, mpini haushibi kiganja, na mshindo huurusha mkono. Ikiwa kubwa, inapigika vizuri, lakini katika joto letu la fulana moja itatuna kiunoni, na baada ya wiki mbili mwenyewe ataiacha nyumbani au garini, yaani atakuwa amemnunulia mwizi.

Akatolea mifano zile picha za kijana. Makarov ya Kirusi, iliyoanza kutumika jeshini mwaka 1951, ni ya chuma tupu, uzito wake kama gramu 730, risasi 8, na ina kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole. Glock 19 ya Austria, ya mwaka 1988, ni nyepesi kwa sababu sehemu yake ya chini ni ya plastiki, nayo hubeba risasi 15, lakini ni nene. Glock 43 ya mwaka 2015 ni nyembamba kama daftari, na magazini yake ni ya risasi 6. Hizi Glock mbili hazina kitasa cha nje. Usalama wake umo ndani na kwenye kifyatuo chenyewe. "Kwa hiyo," alisema, "ukiitia mfukoni pamoja na funguo, unacheza na paja lako. Lazima iwe na ala ngumu inayofunika kifyatuo chote." Akaongeza kwamba silaha isiyopatikana risasi zake kwa urahisi ni kipande cha chuma, na kwamba asiyefanya mazoezi asijidanganye, maana mkono wa hofu hauna akili ila ile iliyozoezwa.

Nilimuuliza yeye angechagua ipi. Akanijibu kwamba kwanza angeitazama njia anayopita kijana, na saa anazopita, ndipo aitazame bastola.

Jibu hilo lilinirudisha kwa mtu niliyemsahau kabatini, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. "Mzimu wa Watu wa Kale", kilichochapishwa mwaka 1960, ni kitabu cha mauaji, na mpelelezi wake ana kiko. Silaha yake ni kutazama na kuuliza. Zamani niliwaambia wanafunzi kwamba Bwana Msa ni mpole na Willy Gamba ni mkali, nikaishia hapo. Siku hizi naona tofauti kubwa zaidi. Katika kisa cha Bwana Msa hatari ina sababu, na mwenye kuijua sababu amekwisha kuipunguza. Katika visa vya bastola hatari ni mtu, na dawa ya mtu ni kumwondoa.

Msinidhanie kwamba naota ndoto za zamani. Sisi wa Shinyanga tulipata kujilinda wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, Sungusungu walitoka na pinde, mishale na filimbi. Ukipigwa mwano, kijiji kizima kinakimbilia mahali pamoja. Walifaulu, nao walikosea pia, maana wazee wasio na hatia walionewa kwa tuhuma za uchawi. Lakini upinde ule ulibebwa mbele ya watu, na aliyeubeba alijua kwamba anatazamwa. Silaha ya kibindoni inajulikana na mmoja tu, na hukumu ya lini itoke ni yake peke yake, katika nukta moja.

Nukta hiyo imekwisha kutuumiza. Novemba 2006, Dar es Salaam, Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alishitakiwa kwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala baada ya ugomvi wa barabarani. Alifariki mwaka 2008 kabla kesi haijaisha, kwa hiyo mahakama haikupata kusema neno la mwisho, nami silisemi. Nasema tu kwamba foleni ile haikuwa na jambazi.

Siku ya kumi kijana alirudi. Nilimweleza yote ya ukubwa, uzito na ala, maana alikuwa ameuliza swali la haki na hofu yake ni ya kweli. Akanikumbusha kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamwambia ni kweli, ila fimbo ya karibu humpiga pia asiyekuwa nyoka. Kisha nikamuuliza matatu. Usiku itafungiwa wapi, na watoto wako wanne wakiwa chumba cha pili? Nani mwingine atajua kwamba unayo? Na siku ile unapouza vizuri, mkikaa na wenzako mpaka saa sita usiku, itakuwa wapi?

La kwanza alijibu vizuri: atanunua kasha la chuma. La pili alisema ni mkewe tu. La tatu hakujibu. Alitazama mlangoni, nami nikamwona yule mtoto wa darasa la sita ambaye hakuweza kunidanganya.

Kwa sheria yetu ya mwaka 2015 polisi ndio wenye kutoa ruhusa. Barua yangu ni karatasi tu. Lakini mwalimu akitia sahihi ametia jina lake. Niliandika kwamba namfahamu tangu utoto, kwamba ni mwaminifu wa fedha, kwamba sijapata kusikia amempiga mtu, na kwamba hunywa. Nikamsomea kabla ya kumpa. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniaga kwa heshima. Wakati wa mavuno alipita kuniletea mpunga. Tukazungumza habari za mvua, na hakuna aliyeitaja barua.

Mke wangu ananilaumu: nikisikia siku moja kijana amevamiwa, nitalala vipi? Sina jibu la kumtosheleza. Najua tu kwamba zamani niliwapokonya watoto kitabu na kusahau kuwaambia kilichopungua ndani yake. Safari hii nimesema.