Pengo la mbao si magendo moja kwa moja

Ukiwa Kwa Sadala ukaona lori la mbao laini linapita, jiulize: likivuka kwenda Kenya litaandikwa wapi? Kwetu kama mauzo ya nje, kwao kama bidhaa iliyoagizwa. Basi kuna wachambuzi wanatoa namba moja kwenye nyingine, na kinachobaki wanakiita magendo. Uchambuzi wa hivyo ni wa haraka mno. Thamani ya muuzaji haina nauli ya safari. Ya mnunuzi ina nauli na bima. Halafu kuna namba za forodha: hadi 2016 paini na saiprasi zilikaa pamoja chini ya 4407.10, mwaka 2017 zikatenganishwa. Nchi moja ikichelewa kubadili, pengo linajitokeza lenyewe! Linganisha mita za ujazo kwanza.

Lakini pengo kubwa usilipuuze. Ripoti ya TRAFFIC ya 2007, kuhusu mbao ngumu za kusini, ilionyesha China imerekodi mara kumi ya tulichorekodi sisi. Hiyo nauli gani?

Na mbao zikipita njia za panya Rombo, haziingii daftari lolote. Majedwali yatalingana vizuri tu, huku miti imeshaondoka.