UHAKIKI WA FILAMU: BENDA BILILI! NA MIAKA YA KUNDI KABLA YA UMAARUFU

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Filamu hupata nafasi mara chache, na filamu ya makala, yaani ile inayofuata watu halisi na matukio halisi badala ya waigizaji, haikumbukwi kabisa. Naomba ruhusa ya wasomaji nivunje mazoea hayo safari hii. Filamu ninayokusudia kuihakiki si ya Kiswahili. Ni ya Kilingala na Kifaransa, imepigwa Kinshasa, na imetengenezwa na Wafaransa wawili. Hata hivyo naamini kwamba mwalimu wa Kiswahili wa Bujumbura ana la kusema juu yake, pengine kuliko mhakiki wa Paris.

Filamu yenyewe inaitwa Benda Bilili!, ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Ilifungua Wiki Mbili za Waongozaji huko Cannes mwaka 2010. Inahusu kundi la Staff Benda Bilili, ambalo kiini chake ni wanamuziki waliopooza miguu kwa polio, wanaotembelea baiskeli za matairi matatu walizoziunda upya wenyewe, na waliokuwa wakifanya mazoezi na kulala katika mitaa ya Kinshasa. Watengenezaji walikutana nao katikati ya miaka ya 2000, wakawafuata kwa takriban miaka mitano, hadi kundi lilipotoa albamu yake ya kwanza, Très Très Fort, na kupanda jukwaa la tamasha la Eurockéennes mjini Belfort, Ufaransa. Hayo yote mawili yalitokea mwaka 2009.

Tukianza na msuko, filamu inakwenda moja kwa moja. Haina mbinu rejeshi kama zile tunazowafundisha wanafunzi katika riwaya. Haina mtaalamu aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu akitueleza umuhimu wa anachokiona. Tunawakuta watu usiku, tunasikia gitaa, na siku zinapita. Nguvu ya filamu iko hapo. Filamu nyingi za aina hii kuhusu bendi maarufu hutengenezwa baada ya umaarufu kupatikana: wazee wanaketi kitini na kukumbuka ujana wao. Mfano wa karibuni ni Becoming Led Zeppelin ya Bernard MacMahon, iliyoingia katika majumba ya sinema mwaka 2025, kuhusu miaka ya mwanzo ya bendi ya roki ya Kiingereza. Humo wanaozungumza ni wanabendi peke yao, watatu walio hai na sauti ya mpiga ngoma wao, John Bonham, aliyefariki mwaka 1980, iliyotolewa katika kanda ya zamani. Ni filamu nzuri kuisikiliza, lakini mtu akisimulia mwanzo wake huku akiujua mwisho wake, kila kitu kinaonekana kama kiliandikwa. Na msimulizi huchagua. Willie Dixon, mwanamuziki wa bluzi wa Marekani, aliishtaki bendi hiyo mwaka 1985 kwa ajili ya wimbo wake mmoja maarufu, na wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987. Kesi hiyo haina nafasi katika filamu. Walimu wa fasihi simulizi wanalijua tatizo hili vizuri: ukimhoji fanani peke yake juu ya ufanani wake, utapata tenzi ya kujisifu.

Benda Bilili! haina tatizo hilo, kwa sababu kamera ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kujua kama kungekuwa na hadithi ya kusimuliwa. Kundi linaanza kurekodi, kisha kituo walichokuwa wakiishi kinaungua moto, kazi inasimama. Hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kuweka moto mahali pale. Mhakiki angemwambia ni sadfa ya kulazimishwa. Katika filamu moto huo haufafanuliwi, haulii muziki wa huzuni. Watu wanahesabu walichobaki nacho, wanahamia mahali pengine.

Wahusika wawili ndio wanaobeba filamu. Wa kwanza ni Ricky Likabu, mtu mzima, kiongozi, ambaye anaongoza bila kupaza sauti. Wa pili ni Roger Landu, ambaye tunamkuta akiwa mtoto wa mitaani, na mkononi ana ala aliyoibuni mwenyewe, satongé: kopo la bati, ufito uliopindwa, na waya mmoja. Mwanafunzi wa Kirundi ataona mara moja jamaa zake, umuduri na indingiti. Lakini satongé ya Roger haipigwi kama umuduri. Anaukwanyua waya na kuukaza au kuulegeza kwa kuupinda ule ufito, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayelalamika. Ikishaunganishwa na spika, hutaamini kwamba ni kopo. Baadhi ya wahakiki wa Ulaya walimlinganisha kijana huyu na Jimi Hendrix. Sina ugomvi na ulinganisho huo, ila naona unaonyesha zaidi maktaba ya mhakiki kuliko kopo la Roger.

Uhusiano wa Ricky na Roger ndio moyo wa filamu. Ricky anamchukua kijana, anamfundisha muziki na pia namna ya kuishi. Miaka inapita mbele ya macho yetu: sauti ya mtoto inavunjika, mabega yanapanuka. Hakuna mbinu ya usimulizi inayoweza kulipa jambo hilo. Riwaya itasema kwamba miaka minne imepita. Hapa tunaiona ikipita usoni mwa mtu.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nadhani idara yetu ina kazi ya kufanya.

Tulipoitazama filamu hii pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili hapa Rohero, maandishi ya tafsiri yaliyopita chini ya picha yalikuwa ya Kifaransa. Nikaona jambo la kufurahisha. Waliokulia Bwiza na wale wenye jamaa zao Uvira walikuwa wakicheka kabla ya wenzao. Kicheko chao kilitangulia tafsiri. Kilingala hawakukisoma darasani. Wamekipata katika nyimbo za Kongo ambazo hazijawahi kukauka katika mabaa na mabasi ya mji huu. Nikajiuliza Kiswahili kingefanya nini mahali pale ambapo Kifaransa kilikuwa kinachelewa.

Chukua jina lenyewe. Kwa kawaida hufasiriwa kama wito wa kutazama mbali zaidi ya sura ya nje. Fasiri hiyo ni sahihi kwa maana, lakini imefuta picha. Kitenzi kobenda ni kuvuta. Kuna mkono unaovuta kitu, na Kifaransa kimeleta jicho tu. Halafu kuna ile bi- ya mwanzoni. Kilingala kina e- katika umoja na bi- katika wingi: eloko ni kitu, biloko ni vitu. Ni ngeli ileile ya KI-VI tunayoifundisha kila mwaka, na ni jirani wa iki-/ibi- ya Kirundi. Mwanafunzi wa Burundi anayesikia bilili anaisikia kama neno la nyumbani hata kabla ya kulijua.

Kuna wimbo wao mwingine, Tonkara, ambao unawahusu wanaolala juu ya katoni. Lisikilize neno hilo polepole, utaisikia katoni ndani yake, silabi zimegeuzwa. Ni mchezo uleule wa kinyume wanaoucheza watoto wa pwani ya Tanzania na Kenya, na Sheng ya Nairobi nayo inajua mambo hayo. Tafsiri ya Kifaransa inaandika jina la katoni ya kawaida, na mzaha unakufa. Kiswahili kingeweza kuuokoa. Ni kazi ndogo ambayo ingemfundisha mwanafunzi mofolojia kuliko mihadhara miwili.

Lakini swali gumu zaidi la tafsiri ni hili: wanamuziki hawa tuwaiteje? Kiswahili cha wazee kina kiwete, kilema, kipofu, kiziwi, vyote katika umbo la KI-VI, umbo la vitu, ingawa upatanisho wa sarufi unawarudishia utu wao na tunasema kiwete amefika. Kirundi nacho kina ikimuga, na siku hizi tunahimizwa kusema abamugaye. Kiswahili rasmi kimehamia kwa watu wenye ulemavu. Nakubaliana na uhamaji huo. Hata hivyo watu wa filamu hii hawazungumzi kama warsha. Wanajitaja waziwazi, wanataniana juu ya miguu yao, wanajigamba, wanadaiana. Kuna wimbo wao unaoitwa Polio, unaowahimiza wazazi kuwapeleka watoto kupata chanjo, na anayehimiza si waziri wala mfadhili bali mtu aliyeketi juu ya baiskeli yake. Ukiweka istilahi ya ofisini katika kinywa cha mtu huyo, umemnyang'anya ukali wake. Ukiweka neno la kale, mtazamaji asiyejua kejeli yao atadhani ni tusi lililohalalishwa.

Filamu nayo ina dosari, na moja ni kubwa. Barret na de La Tullaye hawakuwa mashahidi tu. Ndio waliohangaika kundi lipate kurekodi, na kupitia kwao likafika kwa Vincent Kenis wa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, ambaye aliirekodi albamu katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Yaani aliyeshika kamera alikuwa pia na mkono katika matukio. Silaumu hilo, bila wao pengine tusingelijua kundi hili hapa Bujumbura, licha ya kwamba Kinshasa ni mji mkuu wa nchi jirani. Ninacholaumu ni kwamba mambo ya fedha na mikataba hayapewi nafasi inayolingana na uzito wake. Tunaona umaskini kwa undani sana, tunauona hadi boksi la kulalia. Mali inapoanza kuingia, kamera inakuwa na haya.

Mwisho wa filamu unaumia kwa sababu hiyo. Inatuacha Ulaya, watu wamesimama wanapiga makofi, na mwaka huohuo wa 2009 kundi likapata tuzo ya msanii ya WOMEX. Nani asiyefurahi? Lakini ni mwisho wa ngano, ule wa wakaishi raha mustarehe. Kundi lilitoa albamu ya pili, Bouger le Monde!, mwaka 2012, kisha mwaka 2013 likavunjika. Coco Ngambali na Theo Nzonza walijitoa, maonyesho yaliyokuwa yamepangwa yakafutwa. Wawili hao wakaunda Mbongwana Star, na albamu yao From Kinshasa ikatoka mwaka 2015. Watengenezaji wasingeweza kuyajua hayo mwaka 2010. Ila mbegu zake, kama zilikuwapo, zilikuwa mahali ambapo kamera haikupenda kukaa: nani analipwa kiasi gani, nani anaamua, karatasi iliyotiwa saini iliandikwa kwa lugha gani. Kwa mwalimu wa lugha swali hilo la mwisho si dogo. Mtu anaweza kuimba kwa Kilingala, akafurahiwa kwa Kiingereza, na mkataba wake ukawa wa Kifaransa asichokisoma vizuri. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa hawa. Nasema filamu ingetusaidia kama ingeuliza.

Mwanafunzi mmoja alinitolea hoja tofauti. “Mwalimu,” alisema, “Wazungu hawa wangetumia dakika kumi kuonyesha mikataba, nani angeitazama?” Wenzake walicheka, lakini ni hoja ya kweli ya fani. Filamu haifikii saa moja na nusu, na kila dakika ya makaratasi ni dakika inayotolewa kwenye satongé. Nilimjibu kwamba riwaya nzuri za Kiswahili zimetuonyesha ofisi, mahakama na stakabadhi bila kutuchosha. Hakuonekana kuridhika.

Kuhusu huruma, ambayo ni mtego wa filamu zote kuhusu ulemavu na umaskini wa Afrika, naona watengenezaji wamejitahidi. Wanamuziki hawaombi machozi. Wanafanya mazoezi, wanakosea, wanarudia. Tunawaona wakifanya kazi, na nadhani hiyo ndiyo sababu wanafunzi wetu hawakuitazama kwa ukimya ule wa adabu unaotolewa kwa filamu za mashirika. Walibishana kuhusu gitaa.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tumesikia hotuba nyingi kwamba Kiswahili ndicho kitakachotuunganisha. Kinshasa inaimba Kilingala, na itaendelea. Kama tunataka Kiswahili kifike kule, njia mojawapo ni kukitumia kupokea kinachotoka kule. Nimewapa mwaka wa pili dakika kumi za filamu hii wazitafsiri, mistari miwili kwa kila picha, herufi zisizozidi arobaini kwa mstari. Tonkara imepata mapendekezo matatu, na ninalolipenda ni tonika, ingawa wengine wanasema halitaeleweka Makamba wala Ngozi. Kwa wanamuziki wenyewe kundi moja limeandika viwete, na kundi la pili watu wenye ulemavu. Kundi la tatu limepima mstari, likaona neno refu halienei na fupi linauma, likaandika wenye baiskeli.