Fonti Zinazosafiri na Programu

Kila aliyewahi kupeleka barua stesheneri kwenye flashi anajua kinachoweza kumpata. Nyumbani barua ilienea ukurasa mmoja. Pale dukani sahihi imetupwa peke yake ukurasa wa pili. Hakuna aliyegusa neno. Kompyuta ile haikuwa na fonti yako, ikaazima nyingine iliyo pana kidogo, mstari ukajaa mapema, neno la mwisho likashuka, na yote ya chini yakasukumwa.

Programu ya ofisi ya LibreOffice huja na dawa ya hilo. Ukiisakinisha, inaingia na fonti zake, zikiwemo za familia ya Liberation, zilizochorwa na Steve Matteson na kutolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007. Liberation Sans hushika nafasi ya Arial, lakini si Arial. Zikuze uziweke bega kwa bega, utaona miisho ya herufi inakatwa tofauti. Sasa pima upana. Mraba ambamo herufi huchorwa umegawanywa vipande 2048 kila upande. Katika Arial, A kubwa imepewa vipande 1366. Katika Liberation Sans ni 1366 vilevile. Herufi m ni 1706 huku na huku; i nyembamba, 455. Mchoraji aliachiwa umbo, lakini nafasi alikabidhiwa ikiwa imeshakatwa, herufi moja baada ya nyingine, na kila moja ilibidi ipendeze humo humo bila kubanwa wala kupwaya. Kazi hiyo naistahi sana, kwa kuwa ikifanywa vizuri msomaji hahisi kwamba kuna kilichobadilishwa.

Fonti ya Carlito ilipita njia nyingine: fonti ya Lato ya Łukasz Dziedzic ilirekebishwa hadi ikalingana na vipimo vya Calibri.

Hata namna ya kubeba fonti ina ustadi wake. Kwenye Windows, programu inaweza kuisajili fonti kwa matumizi yake peke yake. Programu nyingine haziioni, orodha ya fonti za mwenye kompyuta haijai, na programu ikifungwa, fonti imeondoka nayo, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake akaukunja alfajiri. Leseni ya fonti huria ya SIL nayo inaruhusu fonti kufungashwa hata ndani ya programu ya kuuzwa, ila fonti yenyewe isiuzwe peke yake.

Barua inafunguliwa dukani. Sahihi iko palepale, chini ya “Wako mtiifu”.