Kimya na ovakloki havikai mu sanduku moja



Mudogo wetu mmoja wa jeoloji, promosheni ya nyuma yetu kidogo, alinitumia orodha ya vipande vya kompyuta anayotaka kujijengea nyumbani, akaomba niikosoe. "Yaya, sema yote, usinifichie kitu," njo vile aliandika. Amekubali niandike hapa, jina lake libaki kwake. Ninaandika kwa sababu wengi wetu tuko na orodha ya namna hiyo mu telefone: akiba ya miaka, video kumi zilizotazamwa usiku, na mistari miwili ya juu inayoonekana kama ndoto moja. Wa kwanza: mashini isisikike. Wa pili: baadaye, ovakloki, yaani kulazimisha prosesa ikimbie kupita mwendo aliouandika mtengenezaji.

Mimi ninaona mistari hiyo miwili inapigana, na hapa Lubumbashi inapigana zaidi kuliko kule video zinakotoka. Wa kwanza ubaki. Wa pili ufutwe sasa, kabla dola hazijatoka mfukoni.

Nianze na mazuri, kwa sababu yako. Amechagua radiatere kubwa ya hewa, yenye mirija ya shaba, na vantilatere mbili pana za milimita 140 badala ya nne ndogo. Hapo ana haki kabisa. Ukizungusha vantilatere mara mbili ya mwendo wake, hewa inakuwa mara mbili, lakini kelele inapanda karibu desibeli 15, na sikio linachukua desibeli 10 kama kelele iliyoongezeka mara mbili. Kwa hiyo vantilatere pana inayozunguka polepole inaishinda ndogo inayolia. Disiki ya kuzunguka ameiacha, amechukua SSD, ambayo haina kitu cha kuzunguka. (Mirija ile ya shaba ina maji kidogo ndani, yanachemka upande wa prosesa na kurudi yakiisha kupoa. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alumini. Siye tunaiona ikitoka Kasumbalesa kama katodi na kurudi Kasumbalesa kama radiatere, na bei njo imebadilika njiani.)

Tena, kimya chenyewe si anasa. Watu wanacheka: "Unaishi mu mtaa wenye jenereta kumi, unatafuta ordinatere ya kimya?" Lakini fikirieni ni saa gani tunafanya kazi. Mangaribi, resho za mtaa mzima zikiwaka, taa zinakuwa nyekundu na volti inaanguka. Umeme wetu unatoka mbali, kuna laini ya Inga–Kolwezi, kilometa kama 1,700, iliyoanza kazi 1982, kuna na mitambo ya zamani ya huku kwetu, Nseke, Nzilo, Mwadingusha, na migodi ni mteja mkubwa kuliko jikoni zote za Katuba na Kenya. Kwa hiyo kuran nzuri inakuja usiku wa kati, wakati mtaa umelala na jenereta zimezimwa. Njo saa ile mtu wa hesabu ndefu anakaa kwenye mashini. Na mashini iko wapi? Iko salon. Na watoto wanalala wapi? Wengi wetu tunajua. Kompyuta inayolia kama kinu cha unga ni kompyuta ambayo mama wa nyumba ataizima, na atakuwa na haki. Kwa hiyo yule mudogo hakukosea kuweka kimya juu ya orodha.

Ninaanza kumkosoa kwenye sanduku. Amechukua lile lenye sponji nyeusi ndani na uso uliofungwa, juu limeandikwa kwamba ni la kimya. Sponji inakamata sauti kali za juu, ule mvumo wa chini inauacha upite, na uso uliofungwa unabana njia ya hewa. Kule wanakojaribu masanduku haya chumba kina digrii 20 ao 22. Sisi, mwezi wa kumi, mchana, nje ni digrii 32 hivi, na chini ya manjanja bila plafo ni zaidi. Kila digrii inayoongezeka ndani ya chumba inaongezeka pia kwenye prosesa, mwendo wa vantilatere ukibaki uleule. Tena mji wetu uko kwenye mita karibu 1,200, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja juu ya kumi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo zaidi, maana yake joto pungufu. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, ambalo linaziba chujio ndani ya juma moja ao mawili. Sanduku lenye uso wa matundu, chujio la kutoa na kuosha, na vantilatere zinazozunguka polepole litakuwa kimya kuliko lile la sponji lenye vantilatere zinazokimbia kwa kukosa pumzi.

Tena orodha inahesabu kelele ya ndani ya sanduku peke yake. Stabilizatere hakuitaja. Zile za relei, volti ikicheza zinapiga tak, tak, tak, usiku mzima. Utalipa vantilatere za bei kali halafu uweke kile kidude chini ya meza, pembeni ya kichwa cha mtoto? Alimantasio nzuri ya leo inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240, kwa hiyo volti ya chini ya mangaribi haiisumbui sana. Inayoua ni ile kuran kukatika na kurudi kwa nguvu, na radi za mvua. Dawa ya hayo ni parafudre na ondulere, na ondulere nzuri inalia tu kuran ikikatika.

Sasa tuingie kwenye ovakloki yenyewe, maana pesa zake nyingi zimeelekea pale. Amechagua Ryzen 7 7700X, na radiatere, na ubao mkuu wa bei, vyote kwa ajili ya kuisukuma baadaye.

Joto la prosesa linafuata mwendo wake mara volti yake, na volti unaizidisha kwa yenyewe. Hesabu hii ndogo video nyingi zinaipita mbio. Ukitaka mwendo upande 5 juu ya 100, mara nyingi utalazimika kupandisha na volti. Tuseme volti imepanda 10 juu ya 100. Basi joto limepanda karibu 27 juu ya 100. Umelipa ishirini na saba kununua tano. Halafu joto hilo halina njia nyingine ya kutoka, lazima vantilatere ikimbie. Kumbuka desibeli 15. Njo pale mustari wa pili unamla wa kwanza. Geuza hesabu: acha mwendo ulivyo, punguza volti 10 juu ya 100 kama prosesa yako inakubali, joto linashuka karibu 19 juu ya 100.

Na hiyo mbio ya kununua ni kubwa kiasi gani siku hizi? Zamani ilikuwa kubwa, siwezi kuwanyima wazee haki yao. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ya megahezi 300, ya bei ya watu wadogo. Ulibadilisha mwendo wa njia ya ubao kutoka 66 mpaka 100, nyingi zikakubali kukimbia megahezi 450. Hiyo ni nusu nzima juu, karibu bure. Ovakloki wakati ule ilikuwa silaha ya mtu asiye na makuta. Leo mtengenezaji mwenyewe ameisha kuchukua ile nusu. Prosesa inajisukuma peke yake mpaka joto ao wati zikatae. 7700X inafika gigahezi 5.4, imeruhusiwa kunywa wati 142, na inakubali kusimama kwenye digrii 95. Mwanzo wa 2023 AMD ilitoa ndugu yake, 7700 bila X: viini vilevile vinane, gigahezi 5.3, na kikomo cha wati 88. Tofauti ya mwendo wa juu ni 0.1. Na hata huyo mwenye X, kwenye mipangilio ya ubao kuna mahali pa kumwambia akae kwenye wati 88. Utapoteza asilimia chache kwenye hesabu nzito, vantilatere inashusha sauti.

Na wale wenyewe wanaotengeneza wamejichoma kidole. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na zinaharibika polepole. Ilitoa marekebisho mwezi wa nane, ikaongeza miaka miwili ya garanti. Kama fundi mwenye maabara yote anaweza kukosea kwenye volti, siye na video ya dakika 12 tutasema nini?

Lakini hoja inayonisumbua kuliko hizo zote ni kazi yenyewe ya huyu mudogo. Yeye hachezi michezo. Anafanya modeli za madini, Surpac ao Datamine, anagawanya mlima kuwa vipande na kukadiria kila kipande kina shaba asilimia ngapi. Ile njia ya kukadiria imebeba jina la Danie Krige wa Afrika ya Kusini, ambaye mu 1951 alikuwa anasumbuka na dhahabu ya Witwatersrand. Ni hesabu za mamilioni, saa nyingi, peke yake usiku. Watu wanafikiri ovakloki mbaya inajionyesha: skrini ya bluu, mashini inazimika, unapunguza kidogo, basi. Hapana. Prosesa iliyosukumwa inaweza kuendelea vizuri kabisa, Windows inafunguka, muziki unacheza, na mara moja moja inatoa namba ya uongo. Prime95, programu ya kutafuta namba tasa kubwa, imekuwa kipimo cha wafanya ovakloki kwa sababu hiyohiyo: inahakikisha hesabu yake yenyewe, na inakamata makosa mahali ambapo programu nyingine zinanyamaza. Modeli ya mgodi mara nyingi hainayo mlinzi wa namna hiyo. Kipande kimoja kikibadilika, nani ataona? Mtu anatia sahihi kwenye ripoti, na chini ya sahihi ile kuna namba ambayo haikutoka kwenye udongo, imetoka kwenye volti.

Hapo RAM nayo inaingia. Orodha yake inataka DDR5 ya 6000, na 7700X imeandikiwa 5200. Video zinasema ni kubonyeza tu mahali pamoja. AMD yenyewe inahesabu kubonyeza kule kuwa ovakloki. Kwa kazi yake angeichukua ya 5200, ao aiweke 6000 yake ikimbie 5200, na pesa iliyobaki aongeze ukubwa.

Tuweke faida yote mezani: kazi ya saa 6, ikiongezewa mwendo wa 5 juu ya 100, inaisha dakika 17 mapema. Dakika 17 wakati amelala! Kuran ikikatika kwenye saa ya tano bila ondulere, amepoteza saa tano. Ondulere ndogo ya betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Mashini iliyosukumwa, tuseme inakunywa wati 250 na skrini, ni dakika 20 za karatasi. Mashini iliyotulizwa kwenye 150 ni dakika 33. Betri ya risasi ikinyonywa haraka inatoa pungufu, kwa hiyo kata hesabu hizo nusu, lakini uwiano unabaki: kila wati uliyoacha kuchoma ni muda wa kuokoa kazi na kuzima vizuri.

Najua kuna watakaonijibu kwamba ovakloki ni shule, kijana anajifunza namna prosesa inaishi. Ni kweli, na mimi ningependa wengi wajifunze. Wachukue mashini ya zamani, ile imebaki kwenye kona na vumbi, waipige mpaka ife. Si ile inayolipa shule ya watoto.

Basi kwa mudogo: 7700 bila X, ubao mkuu wa kawaida, radiatere yake kubwa aiache palepale, sanduku la matundu, na pesa zote za kwenye ovakloki ziende kwenye ondulere yenye wimbi safi, kwa sababu zile za wimbi la mraba wakati mwingine zinagombana na alimantasio za leo. Na akiisha kufunga, asiipime mwezi wa sita asubuhi, wakati Lubumbashi nzima imevaa makoti. Angojee mwezi wa kumi, mchana, mlango umefungwa, aiwashie hesabu ya saa tatu, na asikilize.