Mwendokasi, DART au UDART? Tahakiki ya Jina katika Kamusi Elezo

Mhakiki wa riwaya huanza na jalada. Hujiuliza: kwa nini mwandishi ameipa kazi yake jina hili na si lile? Lakini tukitoka nje ya riwaya na tamthilia tunaliacha swali hilo mlangoni, kana kwamba matini nyingine hazina mwandishi. Katika makala hii tunalipeleka swali hilo kwenye matini ambazo sote tunazisoma na karibu hakuna anayezihakiki: makala za kamusi elezo, hasa zile zinazohusu vyombo vya usafiri wa umma mijini.

Hoja yetu ni moja. Kulipa makala jina ni kuchagua mhusika mkuu. Na mhusika mkuu akichaguliwa vibaya, msomaji hatajua nani amefanya nini.

Tuanze na kanuni. Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na ile ya Kiswahili, inayojiita kamusi elezo huru, ikafuata mwaka 2003. Kanuni ya majina katika ile ya Kiingereza inasema hivi kwa ufupi: makala ipewe jina linalotumika zaidi katika vyanzo vya kuaminika, hata kama si jina rasmi. Kwa mtazamo wa kwanza kanuni hii ni ya kidemokrasia, maana inampa mtu wa mtaani nguvu kuliko gazeti la serikali. Lakini tusome tena: katika vyanzo. Kinachohesabiwa ni kile kilichoandikwa. Mdomo wa kondakta si chanzo. Sisi tuliofundishwa uzito wa fasihi simulizi hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Sasa tuichukue Dar es Salaam. Mwaka 1974 ilizaliwa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, na wakati huohuo mabasi ya mikoani yakawa chini ya KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Tazama fani ya majina hayo: ni vifupisho vya Kiswahili, na vinatamkika kama maneno. KAMATA lenyewe ni kitenzi! Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa kisheria, nayo yakaitwa daladala, jina ambalo wengi hulihusisha na nauli ya wakati ule, shilingi tano, yaani "dala". Halafu mwaka 2007 serikali ikaunda Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Kifupisho chake? DART. Herufi za Kiingereza juu ya jina la Kiswahili. Mabasi yenyewe yalianza kazi Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, yakiendeshwa na kampuni iliyoitwa UDA-RT. Hebu liangalie jina hilo: nusu yake ni Kiswahili cha mwaka 1974, nusu ni Kiingereza cha karne hii, katikati kistari. Historia nzima ya lugha katika sera zetu imo ndani ya kistari kile.

Na abiria je? Abiria hakuyataka yote hayo. Akasema "mwendokasi", basi.

Tofauti hii si ya bahati nasibu. Serikali huita kitu kwa mamlaka yake: wakala, shirika, kampuni. Abiria hukiita kwa kile kinachomgusa, iwe nauli au mwendo. Ndiyo maana jina la abiria linabeba hisia ambazo jina rasmi haliwezi kuzibeba. Aliyesimama kituoni muda mrefu akilitamka neno "mwendokasi", neno lilelile linageuka kinaya. DART haiwezi kuwa kinaya hata siku moja, kwa sababu kwa walio wengi haina maana yoyote ya kugeuzwa.

Je, basi makala iitwe "Mwendokasi" na mjadala ufungwe? Hapana, si rahisi hivyo. Kwanza, neno lenyewe halijatulia: wengine huandika "mwendokasi", wengine "mwendo kasi". Pili, lina maana ya zamani, kwani ripoti za ajali barabarani hutaja mwendokasi kila mara, na hapo hakuna basi la Kimara. Tatu, neno limesafiri. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nayo watu waliiita treni ya mwendokasi. Vifupisho navyo vina matatizo yake. DART ni pia jina la usafiri wa Dallas kule Marekani na wa Dublin kule Ireland. UDA, kwa msomaji wa Nairobi, ni chama kilichomwingiza William Ruto Ikulu mwaka 2022, wala si basi.

Hapa mhariri hukimbilia mabano au ukurasa wa kutofautisha maana, na si vibaya. London inatoa funzo. Kati ya mwaka 1933 na 2000 chombo chake cha usafiri kilibadilishwa jina na sura mara kadhaa, na Wikipedia ya Kiingereza imevipa vyombo hivyo makala mbalimbali. Viwili viliitwa kwa jina lilelile, London Transport Executive: kimoja cha mwaka 1948, kingine cha mwaka 1970. Hicho cha pili kimeongezewa katika mabano herufi za baraza la jiji lililokisimamia. Mtu anaweza kusema huo ni ushamba wa wapenda mabasi. Sisi tunasema ni uhakiki mzuri: wamekataa kuwafanya wahusika wawili kuwa mmoja kwa sababu tu wana jina moja.

Na hilo ndilo jambo tunalolidai kwa Kiswahili. Wakala, kampuni na huduma ni wahusika watatu. Wakala husimamia, kampuni huendesha, huduma ndiyo anayoipanda abiria. Ukiviweka vyote chini ya "Mwendokasi", basi likiharibika halina mwenyewe. Ukiviweka vyote chini ya "DART", abiria ametoweka katika hadithi yake mwenyewe. Kwa hiyo huduma ipewe jina la watu, likiwa na ufafanuzi katika mabano. Wakala abaki na jina lake kamili la Kiswahili. Kampuni nayo iwe na ukurasa wake, maana waendeshaji hubadilika na njia hubaki. Majina mengine yote yamwelekeze msomaji mahali panapofaa.

Jina pekee halitoshi, lazima mwili wa makala ulifuate. Kauli ya kutendwa ndiyo ugonjwa wa matini hizi: mradi ulianzishwa, mabasi yaliletwa, nauli ilipandishwa. Na nani? Kiambishi "-w-" kimemficha. Mhariri anayerudisha mtenda katika sentensi, kwa ushahidi, amefanya kazi kubwa kuliko anayeongeza picha kumi. Vivyo hivyo anayefuta sifa zilizonakiliwa kutoka kwenye vipeperushi vya chombo chenyewe, maana kamusi elezo si utenzi wa kumsifu mfalme.

Uzuri wake ni kwamba matini hizi ziko wazi. Riwaya ikishachapwa sisi tunabaki kulalamika; hapa kuna kitufe cha kuhariri, kuna ukurasa wa majadiliano, na kila badiliko lina tarehe. Wenzetu wa fasihi wanaotafuta uwanja wa kufanyia mazoezi ya uhakiki, uwanja ndio huo. Anayeona hoja zetu ni dhaifu, naye alete zake.